Uzi: Miezi mitano profaili yangu ya Fiverr haikupata hata oda moja. Hivi ndivyo nilivyoibomoa na kuijenga upya

#1 BarazaShela

Assalaam aleikum wadau. Kabla sijaulizwa: Shela ninayoisema ni hii yetu ya Malindi. Watu wa Lamu tulieni, yenu hatujaichukua.

Nilifungua akaunti Fiverr, ile tovuti ya kuuza huduma mtandaoni, baada ya kulipa shilingi 3,000 za mafunzo ya siku moja hapa mjini. Aliyetufundisha simtaji, Mungu amsamehe. Tuliambiwa tuweke huduma nyingi ili wavu uwe mpana, bei tushushe hadi chini kabisa, kisha tungoje. Nikatupa wavu. Huduma nne: kuingiza data, kuchora nembo, kutafsiri, kuhariri video. Nembo sijui kuchora mpaka leo. Nikangoja miezi mitano. Aliyenitafuta ni mtu mmoja tu, na alikuwa tapeli. Alitaka tuhamie WhatsApp nimtumie dola 20 za "usajili" ndipo anipe kazi.

Maelezo yangu ya wakati huo, nayaweka kwa Kiswahili ingawa yalikuwa kwa Kiingereza, mcheke kidogo:

"Mimi ni kijana mchapakazi, mwaminifu na mwenye kujituma. Ninaweza kufanya kazi yoyote utakayonipa kwa haraka na kwa ubora wa hali ya juu. Karibu sana."

Hiyo ni barua ya kuomba kazi kaunti. Picha nayo nimevaa miwani ya jua, nimeshika dafu, na bega la rafiki yangu limebaki pembeni kwa sababu nilimkata vibaya.

Siku moja nikampa mtoto wa kaka yangu simu. Ana miaka 14. Nikamwambia: wewe ni mama wa Kitaliano, umerekodi wavuvi wa Watamu wakizungumza Kiswahili, unataka maneno yao kwa Kitaliano uyaweke chini ya video. Tafuta wa kukufanyia. Akaanza kuperuzi, huyu, huyu, huyu, akanipita mimi kama gari linavyopita kituo kisichokuwa na abiria. Nikamrudisha. Akaitazama profaili yangu akasema: "Ami, sasa huyu anauza nini?"

Nililala na swali hilo.

Mimi Kitaliano nilikiokota ufukweni kabla sijakisoma kwenye kitabu. Nimeuza vinyago, nimekaa mapokezi ya hoteli miaka sita. Hapa Malindi hilo si jambo la kujisifu, muuza mahamri naye anakwambia buongiorno. Kwa hiyo sikuwahi kuliona kama bidhaa. Lakini huko nje ya Malindi, mtu anayesikia Kiswahili cha pwani kikisemwa na mzee asiye na meno, akakiandika kwa Kitaliano kinachosomeka, wako wangapi? Nikafuta huduma tatu. Nikabakisha tafsiri, na hiyo tafsiri nikaikata tena: sauti na video tu, Kiswahili kwenda Kitaliano.

Sasa mambo yenyewe niliyobadilisha.

Kichwa cha huduma. Fiverr inakuanzishia na neno la "nita...", na herufi zote hazizidi 80. Mwanzo niliandika nitafanya tafsiri bora ya kitaalamu ya lugha yoyote. Sasa inasema nitaandika mahojiano yako ya Kiswahili kwa Kitaliano, na muda wa kila sentensi. Ona, neno "bora" halimo. Kila muuzaji kaliweka, basi halimtofautishi yeyote.

Sentensi mbili za mwanzo wa maelezo. Humo sijitaji kabisa, namtaja mnunuzi na shida yake: "Una rekodi ya Kiswahili na huelewi kinachosemwa. Nitumie, nitakurudishia jedwali lenye dakika, maneno ya Kiswahili na Kitaliano chake." Habari zangu, hoteli na ufukwe na umri, zimeshuka chini. Anayetaka atazifikia.

Sampuli. Hapa ndipo nilipotumia muda mwingi kuliko kwingine kote, na ningeanza tena leo ningeanzia hapa. Sikuwa na mteja, ningeonyesha kazi ya nani? Nikaenda kwa mjomba wangu ambaye ni nahodha mstaafu, nikamwomba ruhusa, nikamrekodi dakika mbili kwenye simu akielezea safari. Nikazitengenezea jedwali. Dakika mbili zile zilinichukua siku nzima. Ndani yake mjomba anasema "tuliondoka kaskazi". Nikaipitisha kwenye mashine ya kutafsiri nione. Mashine ikaandika waliondoka kaskazini. Lakini mjomba hakutaja upande, alitaja majira, ile miezi ya upepo wa kaskazi, kuanzia Desemba hadi Machi hivi, kabla kusi haijaanza. Kisha akasema walifika "saa mbili usiku", mashine ikaandika saa nane za usiku wa manane, kwa sababu imeona mbili ikaacha mbili. Nikaweka mistari hiyo miwili kwenye picha ya huduma: kushoto ilichoandika mashine, kulia alichosema mzee. Hakuna rangi, hakuna nyota, hakuna mtu aliyekunja mikono anatabasamu.

Picha yangu nilipiga asubuhi nimekaa barazani, mwanga wa pembeni, shati la kawaida. Dafu limerudi nyumbani.

Bei. Nilitoka dola 5 nikaenda dola 25 kwa dakika kumi za sauti. Fiverr inachukua asilimia 20, kwa hiyo dola 5 ni dola 4, na kabla hazijawa shilingi mkononi kila njia inapita na kikombe chake. Kazi ya saa tatu kwa dola 4 ni heri ukauze maji ya baridi pale stendi.

Oda ya kwanza ilikuja siku ya 19 baada ya mabadiliko. Mpaka leo nimefanya 31. Sijawa tajiri, ila kodi ya nyumba haitoki tena mfuko wa mke wangu. Ulizeni.

#2 KijanaWaMuyeye

Mzee baba umetisha. Lakini mbona unazunguka? Njia fupi ni kumwambia binamu aliye Dubai akununulie huduma mara tatu, akupe nyota tano, unamrudishia pesa. Wote wanaanza hivyo.

#3 BarazaShela

Wanaoanza hivyo ndio hao hao unaowasikia wanalia akaunti imefungwa. Kununua maoni ni kosa kwa kanuni za tovuti hizi karibu zote, na wana njia za kuona: kadi, vifaa, mtandao mliowahi kutumia pamoja. Halafu hebu tufikiri kibiashara. Binamu ataandika nini? "Great work, very fast." Mnunuzi akisoma hayo hajui umefanya nini. Mteja wangu wa kwanza wa kweli aliandika kwamba nimemweleza neno ambalo watu wawili kabla yangu waliliruka. Maoni hayo yaliniletea watatu.

#4 HinaNaWino

Salaam kaka. Mimi niko Lamu mjini, Langoni. Nimesoma nikajiona uchi. Profaili yangu ni hiyo hiyo yako ya zamani. Nimeandika mimi ni mbunifu wa michoro, nembo, vipeperushi, fulana, kadi za biashara. Miezi mitatu kimya.

Ninachokijua kwa hakika ni hina na piko, ile rangi nyeusi ya kupambia. Bibi yangu alikuwa akipamba maharusi, mama naye, na mimi tangu darasa la sita. Siku hizi nachora kwenye tableti. Lakini nani duniani atatafuta hina ya Lamu? Wengi hata Lamu hawaijui.

Na jambo jingine, kaka. Picha ya uso sitaki kuweka. Nyumbani hawataki, na mimi mwenyewe sitaki.

#5 BarazaShela

Dada yangu, karibu. Nianze na picha. Fiverr nimeona wauzaji wengi tu walioweka nembo au kazi yao mahali pa uso, na wanauza. Upwork, ile tovuti nyingine ya kazi za mtandaoni, wao wanataka uso wako halisi, basi hiyo iache kwa sasa. Uhakiki wa kitambulisho ni wa wewe na tovuti, mnunuzi haoni. Wewe weka mkono wako ukiwa unachora. Kwa kazi yako mkono ni ushahidi kuliko uso.

Kuhusu nani atatafuta: hatafuti hina ya Lamu. Ila nani kasema aanze na Lamu? Ingia kama mnunuzi, andika maneno, tazama mapendekezo yanayoshuka kwenye kisanduku. Utakuta neno lao si hina, wengi wanaandika mehndi, neno la Kihindi. Basi kichwa na maneno ya utafutaji, yale matano unayopewa, yajaze kwa neno lao. Akishaingia ndani ndipo umuonyeshe kwamba yako si kama aliyoiona kwa wengine ishirini.

Na nini hasa anakinunua? Hawezi kukuletea mkono wake Langoni.

#6 HinaNaWino

Faili. Mchoro wa vekta anaoweza kuukuza bila kuvunjika. Niliwahi kumchorea dada mmoja wa Mombasa mwenye kuchapa kadi za harusi. Aliutumia pia kwenye kitambaa.

#7 BarazaShela

Umejijibu mwenyewe hapo. Kadi za harusi na vitambaa. Andika hivyo hivyo.

#8 Fundi_wa_Tanga

Mimi ni Mlamu pia, nafanya Upwork, kuhesabu vitabu. Nataka kuongeza moja kwa walio huko. Upwork si pa kusubiri kuonwa tu, unaomba kazi, na kila ombi unalilipia kwa Connects ambazo ni pesa. Kwa hiyo profaili mbovu Upwork inakugharimu mara mbili, umelipa kuomba na mteja akafungua akakuta upepo. Mistari miwili ya mwanzo ya maelezo ndiyo anayoiona kabla ya kubonyeza. Yangu ilikuwa inaanza na "Hello and welcome to my profile". Mistari miwili imeliwa na salamu! Sisi watu wa pwani salamu ni ndefu, najua, shikamoo za mtaa mzima, lakini pale zinakatwa.

Na msiseme mko Marekani. Kuna jamaa alikodi akaunti ya mtu aliye nje, akafanya kazi miezi minne, tovuti ikaomba uhakiki wa video ya ana kwa ana. Mwenye jina hakupokea simu. Pesa zikabaki ndani. Alikuwa amechumbia.

#9 KijanaWaMuyeye

Duh, kuchumbia tena. Pole yake.

Lakini BarazaShela, hebu niambie ukweli. Akili bandia si inatafsiri bure? Mtaliano kwa nini akulipe dola 25?

#10 BarazaShela

Swali zuri, na jibu lake halinifurahishi lote. Tafsiri ya barua pepe, tafsiri ya tangazo la hoteli, hizo zimekwenda. Hazirudi. Mteja anafanya mwenyewe kwenye simu. Kilichobaki ni pale sauti inapokuwa mbaya, upepo unavuma, wazee wanasema wawili kwa pamoja, wanachanganya Kigiriama na Kiswahili katikati ya sentensi. Na sasa karibu nusu ya oda zangu ni watu wameshapitisha kwenye mashine, wanataka binadamu asahihishe. Nimewafungulia huduma yao ya pili, bei tofauti. Ile picha ya "kaskazi" ndiyo inayowaleta. Sikuitukana mashine, niliionyesha ilipojikwaa.

Lakini nisijifanye fundi. Hebu niwape aibu yangu. Mteja wangu wa pili, wa Milano. Tarehe ya mfumo ilikuwa bado siku moja, ila akaniomba kwa ujumbe nimalize kesho saa 3 kwa sababu ana kikao. Nikajibu sawa, hakuna tatizo. Kesho yake nikatulia, nikala, nikaswali Isha nikaja kutuma, saa tatu kasoro ya usiku, nimejaa fahari kwamba nimewahi. Kumbe yeye saa 3 yake ni alasiri, kwetu ilikuwa saa kumi, maana majira ya joto Italia iko nyuma yetu kwa saa moja. Kikao kilikwisha zamani. Nyota tatu. Mtu ambaye picha yake ya biashara inajigamba kuhusu saa mbili usiku! Mke wangu alicheka mpaka akakaa chini.

Niliyajibu maoni yale hadharani kwa mistari miwili, nikakiri kosa, nikasema tangu leo naandika saa kwa mtindo wa saa 24 na jina la mji. Wateja wawili baadaye waliniambia jibu lile ndilo liliwafanya waniamini.

#11 MamaKahawa

Mimi msomaji tu, mwanangu ndiye frilansa. Anakaa Mkomani ya Lamu mjini, nyumba ya mawe ya zamani, kuta nene mpaka simu inakosa mtandao mpaka apande darini. Umeme nao ukikatika ni hadithi nyingine. Mteja akimtumia ujumbe anaukuta baada ya muda wa saa nane, na ameambiwa hilo linamshusha. Afanyeje?

#12 BarazaShela

Shikamoo mama. Mwambie mambo mawili. Siku za kukabidhi aziongeze. Kazi ya siku moja aandike tatu. Akiwahi ni fadhila, akichelewa imeandikwa kwake. Mimi nilikuwa naandika saa 24 nikidhani ndiyo kivutio, umeme ukakatika Jumamosi nikaenda kukaa kwenye hoteli ya rafiki naomba soketi kama naomba mchele.

La pili, saa zake. Mteja wa New York akifungua ofisi saa tatu asubuhi, sisi ni saa kumi jioni au saa kumi na moja, kutegemea majira yao. Basi jioni ndio wakati wa yeye kuwa darini na simu, si asubuhi. Asubuhi afanye kazi bila mtandao.

#13 MamaKahawa

Marahaba baba. Darini jioni kuna upepo pia, nitamwambia.

#14 Fundi_wa_Tanga

Mama yangu, na awe na jibu fupi alilolihifadhi tayari kwenye simu. Lisiwe la "asante nitakujibu", liwe na maswali: faili ina urefu gani, unaitaka lini, utaitumia wapi. Mteja akishaanza kujibu maswali haendi kwa mwingine.

#15 HinaNaWino

Nimerudi baada ya wiki mbili. Nimefuta nembo na fulana. Nimeandika hivi, naombeni mkosoe:

"Unabuni kadi ya harusi au kitambaa na unataka mehndi ambayo haijanakiliwa kutoka kila mahali? Nachora kwa mkono maua na majani ya mtindo wa Lamu, kisiwa cha pwani ya Kenya, ambako mji wetu wa kale uko kwenye orodha ya urithi wa dunia wa UNESCO tangu 2001. Familia yangu imepamba maharusi kwa vizazi vitatu. Utapokea faili ya vekta na haki ya kuitumia kwenye bidhaa moja."

Na picha ya kwanza ni mkono wangu wa kushoto nimeupaka nusu, nusu nyingine ni mchoro ule ule kwenye tableti.

#16 BarazaShela

Mashallah. Picha hiyo sina la kuongeza.

Kwenye maandishi nina moja. UNESCO irudishe nyuma. Mnunuzi wa kadi hanunui urithi wa dunia, na hiyo ni sifa ya mji, si ya mkono wako. Vizazi vitatu ndiyo vije mbele. Na "haki ya kuitumia kwenye bidhaa moja" umeifikiria vizuri, wengi hawaitaji kisha wanakuta ua lao kwenye mapazia ya dukani.

#17 Fundi_wa_Tanga

Mimi UNESCO ningeiacha hapo hapo. Mlamu siwezi kukubali ishushwe na Mmalindi.

#18 BarazaShela

Haya, nyinyi wawili mkubaliane. Ila jaribuni bila, wiki mbili, mtazame idadi ya wanaofungua. Takwimu zenu mnaziona wenyewe kwenye akaunti, si lazima mniamini.

#19 KijanaWaMuyeye

Nami nimeamua. Nimefuta kuingiza data. Nina swali la aibu: mimi kitu changu ni kipi? Sijui Kitaliano vizuri, sijui kuchora. Nimekuwa nikitembeza wageni magofu ya Gede na hori ya Mida kwa miaka minne, basi.

#20 Fundi_wa_Tanga

Miaka minne unawapangia watu siku zao, saa ya maji kujaa Mida, mahali pa kula, dereva asiyechelewa, nawe unasema "basi"? Kuna watu wanauza ratiba za safari mtandaoni ambao hawajawahi kufika nchi wanayoiandikia.

#21 KijanaWaMuyeye

Hiyo ya maji kujaa ni kweli. Kuna kampuni moja iliwapeleka wageni Mida maji yametoka, wakatazama tope saa mbili nzima.

#22 BarazaShela

Hiyo ndiyo picha yako ya kwanza. Mida ile ile, kushoto maji yametoka, kulia maji yamejaa, chini tarehe na saa. Andika ratiba moja ya siku tatu ya mgeni wa kubuni, iweke kama sampuli. Halafu nitumie hapa tuikosoe.

#23 HinaNaWino

Wadau! Nimepata. Mwanamke wa Toronto, kadi za harusi ya binti yake. Ameuliza maswali matano, nimetumia yale matatu ya Fundi kumjibu. Dola 40. Na UNESCO niliitoa, samahani ndugu yangu Fundi.

Anataka kuona rasimu kesho saa 4.

#24 BarazaShela

Hongera dada! Saa 4 yake au yetu?

#25 HinaNaWino

...ngoja nimuulize.